Ile mistari myeusi juu na chini: Pollack, Kubrick na picha iliyokatwa

Nikiwa darasa la tano, mjomba wangu alikuja nyumbani Jumapili moja na DVD mkononi. Televisheni yetu ilikuwa ile ya chogo, inchi 21, imekaa juu ya kabati kama mzee wa baraza. Tukajazana sebuleni. Filamu ilipoanza tukaona ukanda mweusi juu, ukanda mweusi chini, na picha imebanwa katikati. Mjomba akainuka, akaigonga televisheni ubavuni, akarudi kukaa. Haikusaidia kitu.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo), "hii imekatwa. Kesho kairudishe, akupe iliyojaa."

Nikairudisha. Muuzaji hakuuliza hata swali moja, nadhani alishazoea. Akanipa nyingine ya filamu ile ile, imejaa kioo kizima. Tukaangalia, kila mtu akaridhika.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba siku ile tulielewa mambo kinyume kabisa. Ile yenye mistari ndiyo ilikuwa nzima. Iliyojaa kioo ndiyo ilikuwa imekatwa, tena vibaya.

Wanaosoma hapa mara kwa mara wanajua mimi ni mgonjwa wa sinema, kwa hiyo leo mtanivumilia. Nataka kusimulia jinsi picha za filamu zilivyokatwa kwa miaka mingi ili ziingie kwenye masanduku ya nyumbani kwetu, na habari za waongozaji wawili waliolichukulia jambo hilo kwa njia mbili tofauti kabisa. Mmoja alikwenda mahakamani. Mwingine aliamua mwenyewe jinsi picha yake itakavyoonekana nyumbani, akafariki, akawaachia wengine ugomvi ambao ulikuja kuamuliwa na karatasi moja ya mwaka 1975.

Kwanza hesabu kidogo, msikimbie. Watu wa filamu wakisema 1.33 wana maana kwamba kwa kila mita moja ya kimo, picha ina upana wa mita 1.33. Yaani inakaribia mraba. Umbo hilo lilitoka kwenye maabara ya Thomas Edison, ambako William Dickson mwanzoni mwa miaka ya 1890 alichukua utepe wa filamu wa milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya pembeni. Sauti ilipoingia ikahitaji nafasi yake kwenye utepe huo, na mwaka 1932 Hollywood ikakubaliana juu ya 1.37. Tofauti ndogo sana. Televisheni nayo ilipokuja ikachukua umbo la namna hiyo hiyo, 4 kwa 3. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipoanza kukaa nyumbani kuangalia televisheni na kuacha viti vya majumba ya sinema vikiwa vitupu. Hollywood ikajiuliza: tuwape nini ambacho kile kisanduku hakiwezi? Jibu likawa upana. Septemba 1952 pale New York ilionyeshwa This Is Cinerama, mashine tatu zikimulika skrini moja kubwa iliyopinda. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Fox ikatoa The Robe kwa CinemaScope, iliyotumia lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi hiyo hubana picha ubavuni wakati wa kupiga, na nyingine kama hiyo huitanua tena wakati wa kuonyesha. Mwanzoni upana ulikuwa 2.55, baadaye ukatulia 2.35. Ben-Hur ya mwaka 1959 ilifika 2.76! Studio ambazo hazikutaka gharama hizo zilitumia ujanja rahisi: piga filamu kama kawaida, halafu kwenye mashine ya kuonyeshea weka bamba lenye tundu pana linaloficha sehemu ya juu na ya chini. Ulaya walizoea 1.66, Marekani 1.85. Huu ujanja wa pili uwekeni akilini, maana nitaurudia.

Sasa angalieni kejeli ya historia. Hollywood ilitanua picha ili kuikimbia televisheni, halafu picha hizo hizo ikaiuzia televisheni. Tarehe 23 Septemba 1961 shirika la NBC lilianza kipindi chake cha filamu za Jumamosi usiku, na filamu ya kwanza kabisa ilikuwa How to Marry a Millionaire ya mwaka 1953, mojawapo ya filamu za mwanzo za CinemaScope. Ndani yake wamo Marilyn Monroe, Betty Grable na Lauren Bacall. Wanawake watatu wakikaa kwa nafasi katika picha pana, hawaenei kwenye sanduku la 4 kwa 3. Mmoja lazima abaki nje.

Nani anaamua abaki nani? Fundi. Anakaa mbele ya mashine, anaipitia filamu pande baada ya pande, anachagua kipande cha kuonyesha. Wakiongea wawili, mmoja kulia kabisa na mwingine kushoto kabisa, fundi ana njia mbili: ama anasogeza dirisha lake kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na hapo anaitembeza kamera ambayo mwongozaji aliisimamisha, au anakata kwa huyu halafu kwa yule, na hapo anahariri upya tukio ambalo mwongozaji aliliacha liende bila kukatwa. Mwongozaji hayumo chumbani. Filamu ya 2.35 ikiingizwa kwenye 1.33 hupoteza asilimia 43 ya picha. Ben-Hur hupoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo lile gari la farasi wanne linavutwa na wawili na masikio ya wa tatu.

Siwalaumu mafundi sana. Wengi walikuwa hodari, na kazi yenyewe waliyopewa ilikuwa haina jibu zuri. Lakini tujue kwamba kanda za VHS zilipoenea dunia nzima miaka ya 1980, nyingi zilikuwa za namna hiyo, na hizo ndizo zilizozunguka kwenye maduka ya kuazimisha na kwenye mabanda ya video. Kuna filamu ambazo watu wa rika la mjomba wangu wanazijua kwa moyo, tukio kwa tukio, na hawajawahi kuona nusu yake.

Wachache waligoma. Woody Allen alikuwa na nguvu ya kudai kwamba Manhattan yake ya mwaka 1979, pana na yenye rangi nyeusi na nyeupe, itoke kwenye kanda ikiwa na mistari yake au isitoke. Kampuni ya Criterion ilianza mwaka 1984 kutoa diski kubwa za leza kwa watu wanaojali mambo haya, lakini hao walikuwa wateja wachache wenye pesa. Mtu wa kawaida alilipia televisheni ya inchi 21, na alitaka inchi zake zote 21. Ukimwambia kwamba weusi ule ni heshima kwa msanii, atakuona mwendawazimu.

Ndipo anapoingia Sydney Pollack.

Mwaka 1975 Pollack alitengeneza Three Days of the Condor, marehemu Robert Redford akiwa mtumishi wa CIA ambaye kazi yake ni kusoma vitabu ofisini. Siku moja anatoka kununua chakula cha mchana, akirudi anakuta wenzake wote wameuawa. Filamu ni ya 2.35, na upana huo una kazi yake. Hofu nzima ya filamu hiyo inatokana na mtu aliyesimama upande mmoja wa picha na nafasi tupu upande wa pili: mlango, ngazi, barabara, mahali ambapo mtu anaweza kutokea. Ondoa ile nafasi tupu, unabaki na uso wa Redford. Uso mzuri, hakuna anayebisha. Lakini hofu imekwenda na nafasi.

Mwaka 1991 televisheni ya taifa ya Denmark, Danmarks Radio, iliionyesha filamu hiyo ikiwa imekatwa kuingia 4 kwa 3. Pollack akawashtaki. Kwa nini Denmark na si kwao Marekani? Kwa sababu Marekani sheria inaitazama filamu kama mali ya studio, mwongozaji ni kama fundi aliyeajiriwa kujenga nyumba ya mtu. Nchi nyingi za Ulaya zinaamini kitu kingine: kwamba aliyetengeneza kazi ya sanaa anabaki na haki juu ya heshima ya kazi hiyo hata kama ameiuza na pesa amekula. Kesi iliamuliwa mwaka 1997, na uamuzi wenyewe ni wa kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mahakama ilikubali kwamba ukataji ule uliiharibu filamu na ulivunja haki ya Pollack kama msanii. Hata hivyo Danmarks Radio haikubebeshwa lawama, maana ilinunua nakala ikiwa tayari imekatwa. Pollack alipata alichotaka kusikia, na akashindwa kesi.

Mimi lakini naona jeraha kubwa zaidi la Pollack halikuwa Denmark. Lilikuwa hapa jirani, Kenya.

Mwaka 1985 alitoa Out of Africa, kuhusu Karen Blixen na shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Tuweke kando kwa leo mjadala wa namna filamu ile inavyowaonyesha Waafrika, unahitaji makala yake (na nitaiandika, msinisahaulishe). Tuzungumze umbo tu. Ina Meryl Streep, ina Redford tena, ina ndege ndogo inayopita juu ya Bonde la Ufa, ina makundi ya wanyama yanayotawanyika chini yake. Ukiuliza mtu yeyote ni filamu gani ilizaliwa kupigwa kwa upana wote wa 2.35, atakutajia hiyo. Nayo ilipigwa kwa 1.85.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, Pollack alitoa The Interpreter, ile ambayo Nicole Kidman ni mkalimani wa Umoja wa Mataifa aliyekulia katika nchi ya Kiafrika ya kubuni. Kwa filamu hiyo alirudi kwenye upana wake wa zamani, na kwenye DVD yake akaweka maelezo yanayohusu hasa jambo hili la kukata picha kwa ajili ya televisheni. Humo alikiri kwamba Out of Africa pengine ndiyo filamu aliyopaswa kuipiga kwa upana ule.

Hebu litafakarini. Condor ilikatwa na fundi, na negativu yake ipo, nzima, kwa hiyo leo ukinunua diski ya Condor unapata upana wote. Lakini Out of Africa ilipunguzwa kabla kamera haijawashwa. Hakuna negativu pana iliyofichwa kabatini, wala diski yoyote ya kutukuza kumbukumbu itakayoturudishia pembe mbili za Bonde la Ufa ambazo David Watkin, mpiga picha wake, hakuzipiga. Filamu ilichukua Oscar ya filamu bora, ya mwongozaji na ya upigaji picha, basi hakuna aliyelia. Ila mimi nikiiangalia sasa, nabaki nikitazama kingo za picha.

Mtu wa pili ni Stanley Kubrick, na hapa mambo yanageuka.

Mnakumbuka ule ujanja wa bamba? Filamu ya 1.85 iliyopigwa kwa njia hiyo ina picha ya ziada juu na chini, imelala kwenye negativu, inafichwa tu na mashine ya kuonyeshea. Ukiipeleka kwenye televisheni ya zamani si lazima ukate pembeni. Unaweza kuondoa bamba ukaonyesha kila kitu. Kioo kinajaa, mteja anafurahi, na upana hujaupoteza. Kasoro yake ni kwamba unaonyesha vitu ambavyo havikukusudiwa kuonekana. Katika Pee-wee's Big Adventure ya mwaka 1985, filamu ya kwanza ndefu ya Tim Burton, Pee-wee anatoa mnyororo mrefu usiokwisha kutoka kwenye kikapu kidogo cha baiskeli. Kwenye kanda ya video uliweza kuona mnyororo ukiingizwa kwa chini. Kichekesho kikafa palepale.

Kubrick alijua yote haya, na alichagua njia hiyo kwa makusudi. Huyu ni mtu aliyeanza maisha kama mpiga picha wa jarida la Look huko New York akiwa hajafika miaka 20, na alijishughulisha na kila jambo la filamu zake mpaka chini kabisa. Televisheni za wakati wake zilikuwa ndogo. Hakutaka watu waangalie The Shining (1980) au Full Metal Jacket (1987) kupitia tundu jembamba kati ya mikanda miwili myeusi. Kwa hiyo kwenye video zilitoka zimefunguliwa, 1.33, kwa ridhaa yake. Kwenye tukio la kwanza la The Shining, lile gari dogo likipanda milimani, nakala hiyo ilionyesha mapanga ya helikopta iliyombeba mpiga picha. Kubrick, mtu wa kurudia tukio moja mara kumi na kumi tena, alilivumilia hilo.

Alifariki tarehe 7 Machi 1999, akiwa amekamilisha Eyes Wide Shut siku chache tu kabla. DVD yake nayo ikatoka kwa umbo lile lile la televisheni. Na sasa kitu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu usiku wa manane: yule tajiri Ziegler ndani ya Eyes Wide Shut, anayemwita Tom Cruise kwenye chumba cha meza ya biliadi na kumweleza kilichotokea, ni Sydney Pollack. Naam, mwenyewe, mtu aliyepeleka watu mahakamani kwa sababu ya 4 kwa 3, amekaa ndani ya 4 kwa 3 ya Kubrick. Natamani ningejua waliongea nini wakati wa mapumziko.

Baada ya kifo hicho, aliyebaki kulinda picha za Kubrick alikuwa Leon Vitali. Hadithi ya Vitali ni ya pekee. Alikuwa mwigizaji kijana aliyecheza Lord Bullingdon, yule mtoto wa kambo mwenye chuki katika Barry Lyndon ya mwaka 1975. Badala ya kuendelea na uigizaji akaacha yote akawa msaidizi wa Kubrick mpaka mwisho. Ipo filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yake, Filmworker ya mwaka 2017, na ukiiona utaelewa maana ya kumtumikia mtu. Mwenyewe alifariki mwaka 2022.

Televisheni pana za 16 kwa 9 zilipoenea, kampuni ya Warner ilizitoa upya filamu hizi kwa umbo pana, mwaka 2007. Watu wakauliza: mlituambia mzee alitaka 1.33, leo mnasema hivi? Swali ni la haki. Lakini kuna karatasi ya michoro ya The Shining, imechapishwa kutoka nyaraka za Kubrick, yenye maelekezo kwamba fremu ni 1.85 na picha ipangwe kwa umbo hilo, ila eneo lote la 1.33 nalo lilindwe. Yaani alipanga kwa ajili ya jumba la sinema, akiwa na jicho moja sebuleni. Kwa maoni yangu hiyo inatosha. 1.33 ilikuwa uamuzi juu ya televisheni za wakati ule, na televisheni hizo zilipokwisha na uamuzi ukaisha nazo. Najua wapo mashabiki watakaonirukia.

Barry Lyndon ndiyo ilileta moto. Filamu hii inakwenda polepole, imepangwa kama michoro ya wachoraji wa Uingereza wa karne ya 18, na mara nyingi kamera inaanza na kitu kidogo, mkono au bastola, halafu inarudi nyuma taratibu mpaka unaona mandhari yote. Kuna matukio yaliyopigwa kwa mwanga wa mishumaa mitupu, kwa lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Katika filamu ya namna hii, kingo za picha ndizo zinazoamua kila kitu. Blu-ray ilipotoka mwaka 2011 ilikuwa 1.78, umbo kamili la televisheni ya kisasa, bila weusi hata kidogo. Wajuzi wakasema hapana, filamu hii ni ya 1.66. Vitali akasimama imara: Kubrick ndivyo alivyotaka, na yeye alikuwepo.

Utabishana vipi na mtu aliyekuwepo? Aliyekuwepo mbele ya kamera, na nyuma yake kwa zaidi ya miaka 20?

Kwa karatasi. Mwandishi Jay Cocks, aliyekuwa mhakiki wa jarida la Time siku hizo, alikuwa na nakala ya barua. Mhakiki mwingine, Glenn Kenny, akaichapisha mwaka huo huo wa 2011, wapi? Kwenye blogu yake! (Wanaosema blogu ni mahali pa porojo, mpo?) Barua ni ya Kubrick mwenyewe, ya tarehe 8 Desemba 1975, kwa mafundi wa mashine katika majumba ya sinema yatakayoonyesha Barry Lyndon. Inawaambia kwamba filamu imepigwa kwa 1.66, waionyeshe hivyo, na wakishindwa kabisa wasiibane kupita 1.75. Blu-ray ilikuwa 1.78. Ilivuka hata ule mpaka wa kushindwa kabisa.

Tofauti ya 1.66 na 1.78 ni kama asilimia 7 ya picha, vipande vyembamba juu na chini. Najua msomaji mmoja hapa anasema: watu wazima wanagombania asilimia 7? Mimi nasoma barua ile namna nyingine. Mtu amekaa miaka kwenye filamu, imekwisha, haiwezi tena kubadilika, na bado anaandika barua kwa mafundi asiowajua, waliokaa kwenye vyumba vya joto nyuma ya kuta za majumba ya sinema, akiwaomba wasiibane picha yake. Sidhani Vitali alidanganya. Nadhani alikumbuka vibaya, au alikumbuka mazungumzo ya wakati mwingine, maana binadamu ndivyo tulivyo. Criterion walipoitoa filamu hiyo mwaka 2017 waliitoa kwa 1.66.

Kuna pia wanaobadili mawazo wakiwa hai. Vittorio Storaro, mpiga picha wa Apocalypse Now (1979), mwaka 1998 alipendekeza kwamba filamu zote duniani na televisheni zitumie umbo moja la 2.00. Akaikata na kazi yake mwenyewe kuifuata imani hiyo, DVD zikatoka hivyo. Blu-ray ya mwaka 2010 ikarudisha upana wa zamani. Ni picha yake, lakini si yake peke yake. Ni ya Francis Ford Coppola pia, na kwa namna fulani ni ya kila mtu aliyekaa kwenye jumba la sinema mwaka 1979.

Na sasa gurudumu limezunguka. Vioo vyetu ni vipana, kwa hiyo vinavyokatwa leo ni vya zamani vilivyokuwa 4 kwa 3, na safari hii wanakata juu na chini, robo nzima ya picha. Disney+ ilipoanza Novemba 2019 iliweka vipindi vya zamani vya The Simpsons vikiwa vimekatwa hivyo. Kuna kichekesho cha kiwanda cha bia ambapo mapipa matatu yameandikwa majina ya bia tatu tofauti, na juu yake unaona bomba moja tu linalolisha yote matatu. Walikata bomba. Yakabaki mapipa matatu na hakuna kichekesho. Watu walipiga kelele, na mwaka 2020 Disney+ ikaweka chaguo la umbo la awali. Na The Wire, iliyotengenezwa kwa 4 kwa 3 kuanzia mwaka 2002, ilitanuliwa na HBO mwaka 2014. Mtunzi wake David Simon aliandika kwa kirefu wapi picha imepata na wapi imepoteza, bila kujifanya kwamba haikupoteza kitu. Mwenzake Robert Colesberry, aliyesaidia kuamua sura ya kipindi kile tangu mwanzo, alishafariki mwaka 2004. Hapakuwa na wa kumuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mjomba. Ana televisheni bapa ya inchi 50 ukutani, ya chogo iliuzwa zamani. Alikuwa anaangalia filamu ya zamani ya 4 kwa 3, na ameivuta mpaka ikajaa kioo, waigizaji wote wafupi, wanene, magurudumu ya magari yamekuwa mayai. Nikaomba rimoti, nikatafuta kitufe, picha ikarudi kwenye umbo lake, na weusi ukasimama kushoto na kulia.

Mjomba akaitazama kwa muda.

"Mjomba," akasema, "sasa umekata pembeni."